Tambi za mkono Kilimani: laghman moto, polo bado, na weita asiyejua anauza chakula cha nani

Kama unapenda tambi nenda, kama hupendi kungoja baki nyumbani. Kuna mkahawa umefunguliwa Kilimani hapa Nairobi, zile barabara za ndani nyuma ya Yaya, ghorofa ya kwanza juu ya kinyozi. Bango bado hawajaweka, wamebandika karatasi tu getini imeandikwa chakula cha Xinjiang, halali. Jina siwezi kuwapa maana hata risiti haina jina, ina namba ya tili na bei basi. Mimi nilikuwa nautafuta kwa sababu zangu, nimesoma sana habari za Wauighuri, watu wa huko Xinjiang nchini China, na sijawahi kula chakula chao, kwa hivyo Jumamosi nikambeba mjomba wangu, mkaza mjomba na binamu zangu wawili, tukaenda mchana tukiwa na njaa ya kweli.

Mjomba ni mtu wa Pumwani, amestaafu, na kwake yeye chakula kisicho na wali ni vitafunio. Hilo mlijue mapema kwa sababu maoni yake yamo humu.

Menyu ni ukurasa mmoja, hiyo nimeipenda, siamini mkahawa wenye kurasa kumi na mbili. Laghman, yaani tambi za kuvutwa kwa mkono, 850, polo, wali wao, 900, kawap, yaani mishikaki, 200 kwa kijiti, samsa, ndugu wa sambusa ila ya kuokwa, 150, mkate wa nan 200, kuku wa sahani kubwa 2,400 wa kula watu wanne, birika la chai 300. Tukaitisha laghman tatu, polo mbili, kawap kumi, samsa tano na nan mbili. Weita, kijana mpole sana, akasema laghman zitachukua kama dakika arobaini kwa sababu kila moja inavutwa ikiitishwa. Mjomba akaangalia saa, akaniangalia mimi.

Jikoni kuna kioo kwa hivyo unaona kila kitu. Anayevuta tambi ni kijana wa Kakamega, nilimuuliza baadaye, amefundishwa hapo hapo na mwenye mkahawa na anasema miezi ya kwanza alikuwa anakata tu, kila tambi inakatika mkononi. Sasa hivi ni fundi. Unga wa ngano na chumvi na maji, anaukanda, anauacha upumzike, anaukata vipande vinene kama kidole, anavipaka mafuta na kuvizungusha kwenye sinia, anaviacha tena vipumzike. Oda ikiingia anachukua kipande, anakivuta taratibu kati ya vidole mpaka kinakuwa kamba, anaizungusha kwenye viganja kama mtu anayekunja uzi wa kufuma, halafu anainyoosha kwa nguvu huku akiipiga mezani, pa pa pa, na kila ikipiga meza inarefuka, kisha moja kwa moja kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Binamu yangu mdogo alirekodi video nzima. Mashine hakuna. Dakika arobaini unaziona zinakoenda.

Sasa tukiwa tunangoja Mjomba akamuuliza weita, "Kijana, hawa ni Wachina gani wanaokula halali?" Weita akajibu, "Ni Wachina tu mzee." Basi hapo nikashindwa kunyamaza.

Nikawaeleza. Wauighuri ni watu wa kaskazini magharibi mwa China, miji yao ni kama Kashgar, Urumqi, Ghulja, lugha yao ni jamaa ya Kituruki, wengi wao ni Waislamu na wako zaidi ya milioni 11 huko Xinjiang. Mkaza mjomba akasema hao amewasikia kwenye taarifa, si ndio wale wanaofungiwa makambini na serikali ya China? Nikamwambia ndio, lakini mimi nilianza kuwafuatilia kupitia kisa kingine cha nyuma zaidi, cha mtu mmoja anaitwa Abu Bakker Qassim. Mjomba akasema haya simulia, si chakula hakiji.

Huyu Qassim alitoka kwao akitaka kufika Uturuki kutafuta kazi. Safari ikakwama njiani, akaishia Afghanistan, kwenye kijiji cha milimani ambapo Wauighuri wenzake walikuwa wamejisitiri. Oktoba 2001 Marekani ikaanza kupiga mabomu Afghanistan, na kile kijiji kikapigwa. Wakakimbia kwa miguu kupitia milima ya Tora Bora mpaka wakavuka kuingia Pakistan, kundi la watu kumi na kitu, wamechoka, hawana chakula. Wenyeji wa upande wa pili wakawapokea vizuri, wakawalisha. Halafu wakawakabidhi. Wakati huo ndege zilikuwa zinarusha vikaratasi vya kuahidi watu hela nzito wakileta maadui, na bei ya kichwa ilikuwa kama dola 5,000.

"Dola 5,000 kila mtu?" Mjomba. Kila mtu. Mkaza mjomba akatikisa kichwa, akasema, "Sisi mgeni siku ya tatu tunampa jembe, hao wamempa pingu."

Wakapelekwa kambi ya Kandahar, na 2002 wakasafirishwa mpaka Guantanamo, Cuba, kwenye kambi ya jeshi la Marekani. Jumla Wauighuri waliofungwa pale walikuwa 22, kati ya watu karibu 780 waliopita humo tangu ilipofunguliwa Januari 2002. Na hiki ndicho kilichonifanya mimi niwe nafuatilia: hawa watu hawakuwa na ugomvi na Marekani hata kidogo, kama kuna serikali walikuwa wanaiogopa ni ya China. Halafu Septemba 2002 maafisa wa China wakaruhusiwa kuingia pale Guantanamo kuwahoji. Yaani umekimbia mtu, umevuka nchi kadhaa, umefungwa upande wa pili wa dunia, mlango unafunguliwa unamkuta ni yeye anaingia na kalamu.

Hapo chakula kikafika, na ikabidi niache maana laghman haitaki kupoa.

Jamani hii laghman. Inakuja kwenye bakuli pana, tambi chini, mchuzi juu: nyama ya kondoo iliyokatwa nyembamba, pilipili hoho nyekundu na za kijani, nyanya, vitunguu, saumu nyingi, na kitu kama figili. Mchuzi si mzito na si maji, unashika tambi bila kuizamisha. Tambi yenyewe ni ndefu kiasi kwamba unainua uma mpaka usawa wa macho na bado haijaisha bakulini, na ukiuma inakurudisha kidogo, inataka meno, ile ya paketi ukiuma inakubali tu. Unene wake haufanani mwanzo mpaka mwisho na ndio raha yake, kuna pahali nyembamba imekunywa mchuzi na kuna pahali nene bado ina ladha ya unga. Pilipili wanaweka kwenye kibakuli pembeni, imekaangwa kwenye mafuta, weka kidogo kwanza. Binamu yangu hakuskia, akamwaga, akalia.

Kwa 850 mjini Nairobi, na kazi niliyoiona nyuma ya kioo, hiyo bei ni ya heshima. Nyota tano, sina la kupunguza.

Tukiendelea kula Mjomba akasema malizia, huyo mtu alitokaje. Nikamwambia hapo ndipo pagumu Mjomba, kwa sababu walishajua kwamba hana hatia wakaendelea kukaa naye. Kuanzia 2004 jeshi lilianzisha mabaraza ya kuangalia kila mfungwa kama kweli ni mpiganaji wa adui, na mapema 2005 Qassim na wenzake wanne wakaambiwa nyinyi siyo. Basi si ungetarajia mlango ufunguliwe? Walihamishiwa tu sehemu nyingine mle mle kambini. Mawakili wakaenda mahakamani Washington, na Desemba 2005 jaji James Robertson akaandika kwamba kuwashikilia hivyo bila mwisho ni kinyume cha sheria, ila akasema hana uwezo wa kuwapa nafuu yoyote.

Mjomba akaweka uma chini. "Jaji anasema ni makosa halafu anasema hana la kufanya?"

Ndio hivyo. Kuwarudisha China haiwezekani, Marekani wenyewe walikubali wakirudishwa watateswa. Kuwaingiza Marekani, serikali haitaki na jaji akaona hawezi kuilazimisha. Nchi nyingine zikaulizwa, zaidi ya mia, na kila mtu anaangalia China kwanza ndio ajibu. Mtu umesafishwa na waliokufunga, jaji amesema unaonewa, na bado jioni unahesabiwa na askari.

Wakakata rufaa. Kesi ikapangiwa kusikilizwa Jumatatu ya tarehe 8 Mei 2006. Ijumaa ya tarehe 5, siku tatu kabla, wote watano wakapandishwa ndege wakapelekwa Albania, nchi pekee iliyokubali. Kesi ikafutwa kwa sababu wameshatoka, hakuna tena cha kuamua. Binamu yangu mkubwa akacheka ile ya uchungu, akasema huku kwetu watu hukamatwa Ijumaa ili walale ndani wikendi, hao wameachiliwa Ijumaa ili jaji asiongee Jumatatu.

Polo sasa. Hapa ndipo Mjomba alikuwa anangoja. Polo ni ndugu wa pilau yetu, wali unaopikwa pamoja na nyama ya kondoo, vitunguu na karoti nyingi za vipande virefu, bila lile jeshi la viungo tunaloweka sisi, utamu wake unatoka kwenye mafuta ya nyama na karoti zilizolainika. Kwa maandishi ni tamu. Ya pale, karoti wamezikwangua na kikwaruzio zikapotelea kwenye wali, na wametumia pishori ambayo inanukia vizuri lakini haibebi mafuta, inachambuka tu. Nyama vipande vinne, nilihesabu sahani zote mbili. Mkaza mjomba, ambaye pilau yake inaheshimika Pumwani nzima na sisemi hivyo kwa sababu atasoma, alionja kijiko cha kwanza kwa adabu na cha pili akampa mume wake. Mjomba alimaliza lakini alimaliza kwa sababu ni wali. Nyota mbili, na hizo mbili ni za mafuta ya kondoo.

Kawap iko katikati. Nyama imechomwa vizuri kwenye makaa, bizari nyembamba na pilipili ya unga imepakwa mwisho kama inavyotakiwa. Kosa ni kwamba kijiti kizuri cha huko kinapangwa nyama, nyama, kipande cha mafuta ya mkia, nyama, ili mafuta yayeyukie kwenye nyama, na wao wameacha mafuta. Nikamuuliza meneja akasema wateja wa Kilimani wanaogopa mafuta. Kaka, nenda Kiamaiko asubuhi, kondoo wa Kisomali ana mafuta ya kumwaga, weka na uandike kwenye menyu kuna ya mafuta na isiyo na mafuta, watu wachague. Samsa ni sawa, kondoo na kitunguu, ila inaokwa kwenye oveni ya gesi wakati ingetaka tanuri la udongo, chini inabaki laini. Nan ya kwao ni nzuri, imepigwa mihuri ya vitundu katikati na ufuta juu. Ichovye kwenye mchuzi wa laghman.

Chai inakuja kavu, hakuna maziwa, hakuna tangawizi. Mjomba alimuuliza weita mara mbili kama huo ndio mwisho wake.

Tukiwa kwenye chai ndio nikamalizia kisa, na hapa ndipo chakula na hadithi viligongana kichwani mwangu. Qassim kufika Tirana, mji mkuu wa Albania, yuko huru lakini yuko kituo cha wakimbizi, hajui lugha, familia iko China na hawezi kwenda wala wao hawawezi kuja hivi hivi, na China inataka wakabidhiwe. Kazi hakuna. Akajifunza kupika pizza. Mtu aliyekulia kwenye mkate wa tanuri na tambi za kuvutwa, ananyoosha unga wa Kiitaliano jikoni Tirana, pizza ya halali, na hiyo ndiyo ikawa riziki. Mwenzake Adel Abdul Hakim alienda Sweden, akakataliwa hifadhi kwanza, 2009 akapewa. Mimi nikimwangalia yule kijana wa Kakamega anavuta laghman nikawaza, huyu wa kwetu anaipika hapa kwa uhuru wake wote na mwenye chakula aliishia Tirana akipika ya wengine.

Na hao watano ndio walikuwa na bahati. 17 walibaki, Oktoba 2008 jaji mwingine, Ricardo Urbina, akaamuru waletwe kabisa Marekani waachiliwe huko, serikali ikakimbilia rufaa na Februari 2009 amri ikabatilishwa, kisha wakaanza kugawiwa kidogo kidogo kwa yeyote anayekubali: wanne Bermuda Juni 2009, wakapata kazi ya kutunza nyasi za uwanja wa gofu, sita Palau, visiwa ambavyo ukivitafuta kwenye ramani unaweza kuvifunika na kalamu, wawili ambao ni ndugu wakaenda Uswisi 2010, wawili El Salvador 2012, na watatu wa mwisho Slovakia, siku ya mwisho ya 2013. Miaka kumi na miwili. Nchi sita, na hakuna hata mmoja aliyerudi kwao.

"Na yule wetu wa Mombasa?" Mjomba akauliza. Mohammed Abdulmalik, alikamatwa Mombasa Februari 2007, akafikishwa Guantanamo mwaka huo huo, akarudishwa Kenya Desemba 2024 bila kufunguliwa mashtaka. Hapo meza ilinyamaza kidogo, halafu mkaza mjomba akaanza habari ya Aprili 2014, watu wa Eastleigh walivyosombwa na polisi wakarundikwa uwanja wa Kasarani, kitambulisho mkononi na bado unaingizwa lori, na yeye akianza habari hiyo haachi leo wala kesho, kwa hivyo tukaitisha bili.

Sasa lawama yangu kubwa kwa hawa jamaa, na nimemwambia meneja uso kwa uso kwa hivyo sisengenyi. Menyu yao ina maelezo marefu juu, Njia ya Hariri, ngamia, misafara, jangwa, ladha za kale. Ukutani kuna picha kubwa ya msikiti wa Kashgar. Jina la Wauighuri halimo popote, hata kwa herufi ndogo. Laghman, polo, samsa, nan, vyote vya kwao, na weita anawaambia wateja ni Wachina tu. Meneja alikuwa muungwana, akasema mwenye mkahawa hataki siasa, wateja wengi wa jioni ni watu wa makampuni ya Kichina na anaogopa kuwaudhi. Biashara naielewa, kodi ya Kilimani naijua, na sitaki mtu yeyote aingie matatani kwa sababu ya bakuli la tambi. Lakini hata Msomali akiuza anjera Eastleigh anakwambia hii ni ya Kisomali, siyo siasa hiyo. Akasema atamfikishia mwenye mkahawa. Tutaona. Kwa hilo nimeondoa nyota moja ya jumla na siirudishi mpaka wabadilishe karatasi.

Mengine haraka haraka. Choo kisafi, sabuni ipo, kuna karai la kunawa nje ya mlango. Kuna pahali pa kuswali nyuma, padogo, watu wawili. Ngazi ni kali na lifti hakuna, kama una mzee wa magoti mpigie simu kwanza meneja atawawekea meza ya chini uani, sisi hatukujua hilo mpaka tunatoka. Paking ni ya kubahatisha, bodaboda au matatu ya Ngong Road ushukie uje kwa miguu. Wanapokea M-Pesa na keshi, kadi mashine ilikuwa mbovu. Jumapili jioni panajaa, Jumatatu wamefunga.

Usiitishe laghman kwa delivari, nimejaribu baadaye, tambi zilifika zimeshikana donge moja na mchuzi umenywewa wote, ikabidi nizikate na kisu. Kawap na samsa zinasafiri vizuri. Na ukiwa pale pale, tambi zikiisha na mchuzi umebaki bakulini, mwambie weita akuletee tambi za kuongeza, ni 150, hawajaiandika kwenye menyu lakini wanaleta.